Tusekile, Mkwewe na Maji ya Kilindini

Tusekile, mke wa Aliko wa Mwaya, amekua akivuta nyavu za baba yake. Kwa hiyo alipopanda boti ya utafiti pale bandari ya Itungi, Ziwa Nyasa, hakuwa na hofu. Akitoa vizuri maji ya kilindini, Jackson, mkuu wa watafiti, angempa kazi ya msimu mzima.

Ila nahodha wa siku zote aliamka na homa. Aliyeshika usukani badala yake alikuwa mzee Andongwisye, baba yake Aliko.

Sasa, wapo Wanyakyusa walioiacha mila hii, lakini mzee huyu hajaiacha: mkamwana na baba mkwe hawatazamani wala hawasemeshani. Nyumbani mtu hukatia kwenye migomba akapita zake. Kwenye kiboti kama kile utakatia wapi?

Tusekile akajitanda kanga hadi kwenye nyusi, akampa mzee mgongo, akashika winchi ya kushushia chupa ya kuchotea maji. Kushuka hashuki.

"Mwambie nahodha asimame hapa," akamwambia Jackson.

"Mwambie huyo binti nimesimama."

Jackson, mtu wa Mwanza, akawa wa kwenda mbele na kurudi nyuma. "Jamani, mimi nimesomea maji, sikusomea ushenga."

Huko katikati ya ziwa upepo ukaisukuma boti. Kamba ya chupa, inayotakiwa kuning'inia wima, ikalala mshazari. Chupa isingefika kina kinachotakiwa. Na Jackson ameinama ubavuni, anatapika.

Tusekile akaigeukia ndoo. "Wewe ndoo, kamba imelala. Laiti boti ingerudi nyuma kidogo."

Kisha sauti ikatoka kwenye usukani: "Wewe injini, umesikia ndoo ilivyoambiwa? Haya, rudi polepole."

Kamba ikasimama.

"Ndoo, hapo hapo."

"Injini, tulia."

Tusekile akaachia kipande cha chuma kiteremke na kamba kikaifunge chupa. Vidole vyake vikausikia mtikisiko mdogo kutoka chini. Akazungusha winchi. Chupa ikapanda, baridi, na maji yake yananuka yai viza, kama yanavyonuka maji ya chini kabisa yasiyo na hewa.

Jackson akanusa, akarudi ubavuni. Alipoinuka alikuwa anacheka. "Ndiyo yenyewe haya. Kesho uje, na msimu wote."

Mzee akakohoa. "Wewe injini, kamwambie Aliko kwamba ameoa. Ndaga fijo, asante sana."

Tusekile akazamisha uso ndani ya ndoo ili kicheko chake kisisikike. Lakini ndoo ilikuwa tupu, kikavuma hadi kwenye usukani.