Biskuti Niliyomwonjea Mjukuu

Nakumbuka siku moja ya Jumamosi, mwezi wa tisa, jua limekausha kila kitu, nilipokaribia kumuua mjukuu wangu kwa mapenzi. Usishtuke, mwanangu. Mtoto yuko, ana afya, na mdomo wake haupumziki. Nakuambia mapema tu ili usidhani nasaha hizi zinatoka kwa mtu asiyewahi kukosea. Watu wa aina hiyo mimi huwapisha njia.

Nilikuwa na miaka hamsini na sita. Utasema huo si ujana, na kwa hesabu yako ni kweli. Lakini nilikuwa naishi na mama mkwe wangu, tuliyemwita Mwaitu, yaani mama, ambaye hata yeye hakujua alizaliwa mwaka gani. Machoni pake mimi nilikuwa bado yule msichana aliyeletwa kutoka Kalamba na sanduku la bati. Kwa hiyo niachie niuite ujana. Ujinga niliokuwa nao ulikuwa wa kijana kabisa.

Mjukuu mwenyewe anaitwa Mbula, jina langu, kwa sababu ni binti wa kwanza wa mwanangu Muthui na kwetu mtoto kama huyo humrithi nyanya yake jina. Alipokuwa na miaka miwili alilamba kijiko kilichotoka kwenye njugu zilizosagwa, akavimba uso mpaka macho yakafunga. Daktari akasema njugu asiguse tena maishani, na mayai pia. Mama yake, Mwikali, alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Mimi nikalishika kwa vidole viwili. Nilikuwa nikisema, tena mbele ya watu, kwamba sisi tulilelewa kwa njugu na tuko hapa, na kwamba magonjwa mengine huja mjini pamoja na kodi ya nyumba. Watu walicheka, nami nikafurahi kwamba wamecheka.

Sasa sikia kilichomsumbua huyo mtoto. Kanisani kwao, Jumapili ya mwisho wa mwezi, watoto wa Sunday School hupewa biskuti na juisi. Wenzake wakila, Mbula alikaa na kopo lake la kiazi kitamu kilichochemshwa. Alikuwa na miaka saba. Siku moja akamuuliza mama yake, "Mum, kwani wakinunua biskuti, mimi wananisahau?" Mwikali aliniambia kwamba aliingia chooni akalia, kisha akaanza kutafuta.

Alitafuta miezi mingi. Mwishowe akapata aina nne za biskuti kutoka Nairobi, za pakiti, zilizotengenezwa mahali ambapo njugu na mayai haviingii. Wakaamua kuja kuzionjea nyumbani kwetu, karibu na mji wa Kabati, ili familia yote ishiriki na mtoto asione kwamba chakula chake ni dawa. Alinipigia simu siku mbili kabla. "Mama, naomba tu njugu zisikuwe karibu siku hiyo." Nikamjibu asiwe na wasiwasi.

Na sikudanganya, au nilijiambia hivyo. Dada yangu alikuwa amenitumia gunia la njugu kutoka Kalamba, nami asubuhi hiyo nilikaanga sehemu yake nyuma ya jikoni, na chumvi, za kwenda kuuza soko la Tulia. Nilionja moja, nikaonja nyingine, unajua mwenyewe njugu ya moto haimwachi mtu. Niliposikia pikipiki ya Muthui inapanda kilima, nikazitia kwenye mfuko, nikaufunga, nikaufungia stoo. Nikaona kazi imekwisha.

Mwikali alifika na sheria zake. Kwanza kila mtu anawe kwa sabuni. Pili, sahani nyeupe yenye ua la bluu ni ya Mbula peke yake, na biskuti zake zimetoka kwenye pakiti ambazo hazijaguswa na mtu. Zetu ziko kwenye sinia. "Sahani ya Mbula, tafadhali, mtu asiiguse. Hata Susu." Alisema hivyo akitabasamu, lakini mimi nilisikia neno moja tu, Susu, yaani nyanya, yaani mimi. Mwanangu, nikuambie ukweli, lilinichoma. Mtoto mwenye jina langu, nyumbani kwangu, na sahani yake nisiiguse?

Na kunawa je? Punda alikuwa bado hajarudi kutoka mtoni. Kwenye ndoo kulikuwa na maji kidogo, na walipomaliza wao wanne yakabaki ya kufunika tu chini. Wewe uliyezaliwa na bomba ukutani hutaelewa, lakini mke wa Ukambani aliyelelewa vizuri hamwagi maji ya mwisho kwa ajili ya vidole vyake. Mwaitu alinifundisha hivyo tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, na nilijivunia kwamba ndoo yangu haijawahi kukauka mchana. Nikajifuta mikono kwenye leso niliyojifunga. Leso ile ile niliyojifunga nikikaanga njugu.

Basi tukaonja, na ilikuwa raha. Biskuti ya kwanza ilikuwa ya unga wa mchele, ngumu, Muthui akasema ingefaa kuzibia shimo la barabara. Ya pili ilikuwa ya mtama, nami niliipenda kwa sababu ilinikumbusha uji wa mamangu. Mwaitu, ambaye meno yalishamuaga, alichovya ya tatu kwenye chai ya rangi ikaporomoka yote kikombeni. Akachungulia ndani. "Aiya! Hii imeenda bila kuniaga." Mbula alicheka mpaka akashika tumbo. Yeye alikuwa na karatasi na penseli, akiandika alama tunazozitoa, na aliringa kama karani wa chifu. Zamu yake ilikuwa ya mwisho. Mwikali alitaka aanze na kipande kidogo sana, wasubiri, kisha ndipo ale zaidi.

Ya nne ilikuwa ya nazi. Ilikuwa tamu kweli, laini, na sote tukakubaliana. Mwikali akaingia jikoni kuleta chai nyingine, Muthui akatoka kupokea simu.

Hapo ndipo nilipofanya kitu changu. Kwetu, mwanangu, anayempa mwingine chakula hukionja kwanza mbele yake, aone kwa macho yake kwamba hakina neno. Na nyanya humwonjea mjukuu wake hivyo hivyo, anauma kidogo, anampa kilichobaki. Niliwafanyia watoto wangu wote. Nikanyoosha mkono kwenye sahani yenye ua la bluu, nikachukua biskuti ya nazi, nikaiuma pembeni, nikamwekea Mbula mdomoni. "Kula, jina langu. Susu ameionja, iko sawa."

Akala yote. Alinitazama kwa furaha ambayo siwezi kukueleza, maana hatimaye alikuwa amekula biskuti.

Haikupita muda. Akaanza kujikuna mdomo, kisha shingo. Akakohoa. Akasema, "Susu, koo linawasha," na sauti haikuwa yake. Nikapiga yowe. Mwikali alitoka jikoni mbio, akamtazama mara moja tu, akatoa chupa ya dawa mkobani akamnywesha, na kabla sijajua nifanye nini walikuwa kwenye pikipiki, Muthui mbele, mtoto katikati, Mwikali nyuma amemkumbatia, wanateremka kuelekea kituo cha afya. Vumbi likabaki uani. Tukabaki mimi na Mwaitu na sinia la biskuti.

Sijui kama ulishawahi kusubiri hivyo. Niliomba maombi yote niliyoyajua, nikayarudia. Na kila nilipopandisha mikono usoni kuomba, niliisikia harufu ya njugu. Nilijua tangu hapo. Usikubali mtu akuambie kwamba mwenye kosa huwa hajui.

Simu ikalia. Ilikuwa Muthui. Mtoto alichomwa sindano, sasa anapumua vizuri, watakaa naye mpaka jioni wamwangalie. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Kisha Muthui akaanza kuongea kwa hasira. "Ni hizo biskuti za Mwikali! Si nilimwambia vitu vya pakiti hatujui vinatengenezwaje? Hata daktari ameshangaa. Mama, hizo zote tupa motoni. Hataonja tena kitu kama hicho." Nyuma yake nilimsikia Mwikali akilia na kusema, "Labda nilisoma vibaya. Labda nilisoma vibaya."

Nami nikajibu, "Sawa." Nikakata simu.

Neno hilo moja ndilo kosa langu kubwa, mwanangu, kuliko kuuma biskuti. La kwanza nililifanya kwa kutojua. Hili nililifanya nikijua.

Mwaitu alikuwa amekaa kitini pake akinitazama. Miguu yake ilikuwa imekwisha lakini pua na masikio vilikuwa kazini. "Lete mkono," akasema. Nikamletea, mtu mzima mimi. Akaunusa, akaurudisha kwangu polepole.

"Mbona hujamwambia?"

"Mwaitu, naona aibu."

"Aibu ni yako, ibebe. Usimtwike yule msichana. Amehangaika miezi mingi kutafuta kitu kimoja mtoto anaweza kula, na sasa wewe unamwacha akiogope. Na mtoto atarudi kwa kiazi chake, na hakuna atakayejua kwa nini." Akauelekezea kidole mkono wangu. "Wakirudi jioni, utamkumbatia kwa mkono huo?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Nikatazama leso yangu, nikatazama mikono yangu, nikaogopa kweli kweli.

"Nilikuwa nachunga maji," nikasema, kama kwamba hiyo ni hoja.

"Nilikufundisha kuyachunga maji ili watu wa nyumba hii waishi," akasema. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na haya maradhi hata si yako. Piga simu."

Nikapiga. Alipokea Mwikali. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yakakimbia yote. "Mwikali, si biskuti. Ni mimi. Nilikaanga njugu asubuhi na sikunawa. Nikachukua kwenye sahani yake, nikamwonjea kwa mdomo wangu." Nilisikia watu wa kituo wakipita, mlango ukifungwa. Kisha akasema, "Ngoja nimwambie daktari." Akakata simu. Nilitamani anitukane, ingekuwa nafuu.

Niliichukua ile ndoo nikamalizia maji yote mikononi mwangu, na sabuni, mpaka chini. Nikavua leso nikailoweka punda aliporudi. Mfuko wa njugu na gunia lake nikavipeleka kwa jirani, nikanawa upya. Nikafagia ua, nikafuta meza na viti. Walipofika jioni nilisimama mbali, karibu na mlango wa stoo, kwa sababu sikujiamini hata kukaribia.

Muthui alinipita bila kunisalimia. Alikuwa na haki. Mwikali ndiye aliyekuja. Macho yalikuwa mekundu. "Mama," akasema, "leo nilijiona mama mbaya masaa mawili mazima. Hayo masaa mawili ndiyo yananiuma. Hiyo ya biskuti najua ulimpenda tu." Nikamwomba msamaha kwa magoti, mimi mama mkwe, kwa binti wa watu. Aliniinua, lakini hakuniambia yamekwisha, maana hayakuwa yamekwisha. Ilichukua muda. Kwa miezi kadhaa, walipokuja kwetu alibeba hata vijiko vyake, nami nikampisha jikoni.

Biskuti ya nazi alionja tena, baada ya daktari kuruhusu, nyumbani kwao, kipande kidogo kwanza, wakasubiri. Haikumfanya kitu. Na Jumapili ya mwisho wa mwezi uliofuata nilisafiri mpaka kanisani kwao, nikakaa benchi la nyuma la Sunday School na mabinti wanaofundisha. Nilimwona Mbula akifungua pakiti yake katikati ya wenzake. Mtoto mmoja akamwomba, akamkatia. Akamwambia kwa sauti ya mwalimu, "Hii ni yangu, lakini hata wewe unaweza kula." Nililia, na sikuona haya.

Mwanangu, sasa nikuambie nililojifunza. Kuuliza si ujinga. Ukipewa sheria ya kumlinda mtoto wa mtu, ifuate hata kama huielewi, hata kama aliyeitoa ni mdogo wako na umemfundisha kupika. Mila uliyorithi ni nzuri, lakini ilitengenezwa kumlinda mtu, na siku inapomdhuru, iweke kando bila kununa. Ukikosea, na utakosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mwenzako hajaanza kujichapa kwa fimbo yako. Utaona aibu. Aibu haijamuua mtu, lakini kimya kilitaka kumrudisha mjukuu wangu kwa daktari jioni ile ile.

Siku hizi Mbula akija hunishika mikono yote miwili, anainusa kama alivyofanya Mwaitu, kisha ndipo ananikumbatia. Nami huiacha imenyooka mpaka aridhike.

Nenda basi, mwanangu. Ngai, Mungu wetu, akupe nyumba ambayo mdogo anaweza kumuuliza mkubwa, na mkubwa akajibu ukweli. Akupe meza ambayo hakuna mtoto anayekula peke yake.