Nyama ya Shingo na Ruhusa ya Kwenda Dodoma

Ile Jumapili wifi yangu alifika na nyama kabla sijamaliza kufagia uwanja. Alikuwa ametoka misa ya kwanza kule mjini, akapanda huku juu kwetu na ndoo ndogo yenye mfuniko, na ndani ya ndoo mlikuwa na shingo ya ng'ombe. Kila akija analeta shingo. Zamani nilidhani anatuona sisi wa mgombani ndio wa kula shingo, steki anabaki nayo mwenyewe. Lakini nisimwonee. Steki akiileta, mama mkwe hawezi kuitafuna, meno yamebaki machache tena ya mbele. Shingo bei yake ni ya chini, kweli, ila ukiivumilia motoni inalainika mpaka inaachana na mfupa bila kuvutwa, na mama anakula. Kwa hiyo wifi alikuwa sahihi. Naanza na hili la haki kwa sababu mbele naweza kukasirika nikalisahau.

Mume wangu ni kitinda mimba. Huku kwetu mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayeachiwa nyumba ya wazazi na kihamba, yaani migomba, kahawa na zizi, na mke wake ndiye anayebaki na mama. Hakuna aliyenidanganya, nilijua tangu naolewa. Nilichokuwa sijui ni kwamba nitabaki na mama peke yangu. Kahawa haikutosha, mume akaenda Dodoma kwenye ujenzi, sasa ni fundi wa vigae. Anarudi Krismasi, na Pasaka akipata nafasi. Mwaka huu amepata vyumba viwili, akanipigia simu akasema njoo na mtoto tukae kama watu. Nilifurahi, halafu hapo hapo nikamkumbuka mama. Mtu hachukui begi akaondoka hivi hivi akamwacha mama kwenye kihamba. Lazima wenyewe wakae waseme.

Basi ndicho kilikuwa kikao cha Jumapili hiyo. Kaka mkubwa wa mume wangu, shemeji yangu, alikuja na gari lake kutoka Arusha. Mume alikuwa amefika jana yake mtoto akiwa ameshalala. Asubuhi mtoto alipomwona anatoka chumbani alisimama vizuri akamwamkia, "Shikamoo mgeni." Tulicheka wote. Baba yake alicheka, lakini aliacha kabla yetu.

Nikaingia jikoni. Jiko letu liko nyuma, mbali kidogo na sebule, na ukiwa ndani husikii kinachosemwa, unasikia vicheko tu. Niliosha nyama nikaibandika ichemke kwanza kwa maji yake yenyewe, nikaengua povu, nikatia tangawizi, kitunguu na kitunguu saumu. Chumvi ni mwisho. Maji ya kuongeza yawe ya moto, ya baridi yanaishtua nyama, hivyo ndivyo mama mkwe alivyonifundisha nilipokuja, na alinifundisha kwa upole, siwezi kusema vingine. Juu nikafunika jani la mgomba, na juu ya jani mfuniko. Kuni ni za miti ya kahawa, zile za kupogoa, zinaungua taratibu.

Shida ya shingo ni kwamba huwezi kuiacha. Moto ukipanda inakaza, ukizima inalala na kuanza upya. Hata ukienda kukojoa unakwenda unageuka nyuma. Nilikaa pale kwenye kigoda, moshi machoni, baridi ya Julai mgongoni, huku watu wananiamua sebuleni. Mume aliniahidi atasema. Nilitaka sana kwenda kusimama kwenye ukuta nisikie kama anasema. Mara mbili niliinuka, mara mbili ukuni ukaangukia upande nikarudi.

Wifi akaja, amejitanda khanga kichwani.

"Bado tu?"

"Bado, wifi. Ndiyo kwanza inaanza kulegea."

"Si utie magadi? Tia kidogo tule. Duka nimemwachia mtu hata bei ya sabuni hajui."

"Magadi yanampa mama kiungulia. Atalala amekaa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akasonya. "Wewe mtoto wa watu, unamdekeza huyu mama mpaka sisi aliotuzaa tunaonekana wachawi."

Nikamuuliza wanasemaje huko. Akasema kaka yake bado anaeleza habari za gari lake, limebadilishwa nini na nini, kwangu hajafika. Halafu akachuchumaa karibu na moto.

"Wifi, mimi sikufichi. Nimeshawaambia ubaki."

Nikageukia moto. Yeye akaendelea.

"Usininunie. Nikimchukua mimi nitamweka wapi? Natoka alfajiri narudi giza. Nimfungie ndani kama kuku? Nirudi mimi huku? Tangu nimefiwa, lile duka ndilo mume, ndilo watoto. Nikilifunga nabaki nani?"

Alisema kweli. Ana maisha yake kule mjini karibu na hospitali ya Mawenzi, watu wanamjua, anamsalimia kila mtu. Ila na mimi nilikuwa na kweli yangu, na hakuna aliyechuchumaa karibu nami kuiuliza.

Alipotoka nilifunua sufuria nikaichoma nyama kwa kisu. Ilikuwa bado ngumu katikati. Nikawaza wazo baya: nikiipakua hivi hivi watatafuna kama soli ya kiatu, watasema huyu hata kupika hajui, acha aende kwa mume wake. Lilikuwa jambo rahisi. Sikulifanya, lakini siandiki ili nionekane mwema. Labda ni woga. Labda mkono umeshazoea, maana nikiwa bado nawaza ulikuwa umeshachukua birika na kuongeza maji ya moto.

Nyama ilipokubali nikaipanga na ndizi mshare, zile mbichi za kupika, nikaacha zive pamoja mpaka mchuzi ukawa mzito. Machalari hayo nikayapeleka sebuleni. Mume akanipokea sufuria, hilo alifanya mbele ya kaka yake, nataka liandikwe pia.

Wakala. Walipakua tena bila kuambiwa, ndivyo watu wa kwetu wanavyosifu. Mtoto alikaa miguuni kwa bibi yake akingojea mafuta ya mfupa. Mama mkwe aliichukua nyama kwa vidole, ikachanika yenyewe, akaila, akachukua nyingine.

"Aika," akaniambia, ndiyo asante yetu.

Shemeji akaweka kijiko chini. "Mmeona? Mama alikuja kwangu Arusha, mke wangu akampikia nyama kwenye jiko la presha, laini kuliko hii. Mama akagoma."

"Ilikuwa inanuka chuma," mama akasema.

"Siku zote zile alikunywa uji. Amerudi huku mwepesi kama jani. Sasa huyu akiondoka, tunamzika lini?"

"Mimi nipo hapa, unanizika nikisikia?" Mama akamwambia, na wote tukacheka, hata mimi.

Nilipoona kicheko kimeisha nikajua nimekwisha. Chakula changu mwenyewe kimenishtaki. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anakwangua sahani isiyo na kitu. Mdogo hasemi mbele ya mkubwa, najua, na kaka ndiye anayelipa dawa za mama zote. Najua. Lakini nilimtazama.

Shemeji akawa muungwana, akaniuliza, "Shemeji, una neno?"

Nilikuwa nimeshika upawa. Nikasema, "Ninalo. Nataka kwenda kukaa na mume wangu. Mtoto amemwamkia baba yake kama mgeni."

 Darasa la saba ndipo nilipoishia, maneno ya kikao sina.

Mama mkwe akafuta vidole. "Aende," akasema. "Mimi uji unanitosha."

"Mama, usiseme hivyo," mume akasema. Hayo ndiyo maneno yake katika kikao kizima.

"Nisemeje? Nimesema aende. Niongezee mchuzi, mwanangu."

Nikamwongezea. Nimemtazama sana baadaye, nikiosha miguu yake, nikimpa dawa, nikajaribu kuona kama alinifukuza, aliniachia au alinifunga. Sijaona. Uso wake ni ule ule.

Shemeji akawaza, akamgeukia dada yake. Akasema huyu amefiwa na mume, watoto wake wamekua, duka mtu anaweza kulifungua hata hapa barabarani. Arudi nyumbani. Ila kwanza ajifunze kupika hii shingo, mama aizoee ya mkono wake. Siku mama akimaliza sahani iliyopikwa na yeye, mke wa kitinda mimba afunge mizigo. Alilisema kama mtu aliyepata njia iliyo sawa kwa wote, na nadhani kweli aliamini ni sawa.

Wifi alisimama. Alichukua ndoo yake akaondoka bila kungoja chai.

Tangu hapo anakuja Jumapili na shingo, na mimi nakaa pembeni namwelekeza. Si mjinga. Anaweka ndizi vizuri, chumvi anakumbuka, jani anafunika. Ila moto wake siku zote ni mkubwa. Jumapili hii nimemwambia, "Wifi, punguza, utaikaza," akasema, "Haya, wifi," na mimi mwenyewe nikauchomoa ukuni. Nilipokwenda kuteka maji nikarudi, ukuni ulikuwa umeingia tena, na mwingine juu yake. Alikuwa amejiinamia anauangalia.

Nikatua maji. Labda kweli hana mkono wa jiko hili, mjini anatumia gesi. Ningekuwa yeye, nina duka na watu wanaoniita kwa jina langu, ningefanyaje? Nimeliuliza swali hili vizuri, na jibu ninalopata halinifurahishi. Mama ninayemwachia ni mama yake, na kifungo ninachotoka ndicho anachoingia. Lakini nataka kwenda. Nikiandika kwamba sitaki tena nitakuwa nimedanganya.

Tukala. Mama alitafuna kipande kimoja muda mrefu, akakitoa, akakiweka ukingoni mwa sahani pamoja na vile vingine, kisha akaomba uji.

Jioni simu ikaita kutoka Dodoma. Siku hizi mume wangu hata kunisalimia anasahau.

"Imeiva?"

"Bado," nikamwambia. "Imekaza."

Wifi alikuwa hatua chache kutoka kwangu, anasugua sufuria kwa majivu, na hakuinua kichwa.