Koti la Kumvisha Mrithi

Kwa mama yangu, kijijini Kishanda, nguo haistaafu, hubadilishiwa kazi. Pazia la sebuleni ni sare za harusi tatu za ukoo alizoziunga pamoja. Ndoa mbili kati ya hizo zimeshavunjika, pazia bado linadunda. Fulana za kampeni amezikata vitambaa vya kushikia sufuria. Yule mgombea aliyetuahidi barabara sasa yuko jikoni, anaipua ndizi, na kwa mara ya kwanza tunaiona kazi yake.

Mimi naishi mjini, Kahororo, nina kabati kubwa na nguo nisizozivaa, kwa hiyo nilijiona mstaarabu. Nikimpelekea kitenge kipya, anashukuru, anakifungia sandukuni, kisha ananiuliza kama mume wangu hana suruali kuukuu. Ilikuwa inanikera sana.

Baba alipofariki, kaka yangu mkubwa alikuja kutoka Dar na uso wa huzuni na simu mbili. Yeye ndiye omusika, mrithi. Katika ukoo wetu mrithi huvishwa koti la marehemu mbele ya wazee, siku ya kuondoa matanga. Akishalivaa, kibanja ni chake: migomba, mibuni, nyumba, na mama akiwa humo ndani pamoja na viti. Hayo ningeyameza, kama nisingemsikia nyuma ya nyumba akimweleza mtu kwenye simu kwamba eneo ni zuri, lipo karibu na barabara, na bibi mmoja aliyemo atahamishiwa mjini.

Bibi mwenyewe ni mama yetu. Mjini kwenyewe ni kwangu, chumba cha stoo.

Nilimwendea mama mbio. Alikuwa anakanyaga cherehani.

"Mama, umesikia anachotaka kufanya?"

"Nina masikio."

"Sasa tutafanyaje?"

"Nishikie hapa," akasema, akanipa ncha ya kitambaa cha bitana. Nilishika huku nalia. Nilimwonea uchungu, na kusema kweli nilimwona amechanganyikiwa: mtu anauzwa, yeye anawaza bitana!

Siku ya matanga mchungaji alisali, akaondoka mapema kabla mambo ya ukoo hayajaanza. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikazunguka, hotuba zikazunguka. Mzee mmoja alieleza kwa kirefu heshima aliyonayo mwanamke wa Kihaya, na wanawake wote tulimsikia vizuri tukiwa jikoni tunamenya ndizi zake. Kisha tukaitwa, na mwenyekiti wa ukoo akamgeukia mama, akamwita kwa heshima.

"Waitu, tuletee koti tumvishe mtoto."

Mama akaifungua kanga aliyojitanda. Koti la baba lilikuwa mwilini mwake. Mabega alikuwa ameyapunguza, kiuno amekibana, mikono ameifumua na kuishona upya kwa kipimo cha mikono yake myembamba. Lilimkaa vizuri kuliko lilivyowahi kumkaa baba.

"Mae! Umefanya nini?" kaka akafoka.

"Kulikuwa na baridi," mama akajibu. "Nalo lilikuwa limekaa bure."

Wazee wakaamuru livuliwe. Mama hakubisha. Alilivua, akampa mwanawe kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Kaka, ambaye Dar imemlisha vizuri, akaingiza mkono mmoja. Koti likakwama kwenye kiwiko. Akavuta. Mshono haukuachia, maana mama hushona mara mbili. Wazee wawili wakainuka kumsaidia, mmoja anasukuma, mwingine anavuta, mrithi katikati anahema. Nilicheka mpaka nikajishikiza ukutani, na papo hapo nikajikuta namwogopa mama yangu.

Mjadala ukawaka. Mmoja akasema aliyevaa mkono mmoja ni mrithi wa nusu. Mwingine akasema desturi haikutaja mkasi popote. Kaka akapendekeza anunue koti jipya dukani, akazomewa kama mtu aliyetukana makaburi. Mwishowe mwenyekiti akachungulia kibuyu, akakuta kimekauka, akakata shauri: mila haipindishwi. Kibanja kitabaki mikononi mwa mama, wala mtu asiuze hata mgomba mmoja, mpaka mrithi atakapovishwa koti jingine la marehemu.

Mama akapiga magoti, akawashukuru wazee mmoja mmoja, kisha akalichukua koti lake akalivaa.

Baba hakuwahi kuwa na koti jingine.