Sura ya Darlene Mbele ya Nyumba ya Kocha

Darlene Hruska alikuwa dalali wa nyumba katika mji wa Stanek, Nebraska, na hapakuwa na mtu mjini asiyeijua sura yake. Si kwa uzuri. Sura ile ilikuwa kwenye kila bango la NYUMBA INAUZWA, imecheka meno yote nje, nywele zimesimama kwa dawa kama zilivyosimama mwaka ule picha ilipopigwa, mwaka ambao Darlene hakupenda kuutaja. Mbwa wa mji waliinua mguu kwenye mabango yale kila asubuhi. Darlene alisema hewala, hata hiyo ni biashara, kwa sababu kila mbwa ana mwenyewe na kila mwenyewe ana nyumba.

Mji ule ulikuwa na chuo, na chuo kilikuwa na timu iliyoitwa Nungunungu. Mpira wao ni ule wa kubebwa kwapani na kuangushana, ingawa wenyewe wanauita wa miguu, na ukiwauliza kwa nini wanakuona umekuja kutafuta ugomvi. Harusi haikupangwa Jumamosi ya mchezo. Mtu mwenye adabu hakufa siku ya Jumatano, maana mazishi yake yangeangukia Jumamosi na asingepata wa kumbebea jeneza.

Na walikuwa na mila yao. Kocha akizidi kufungwa, anaamka siku moja na kukuta nyasi za mbele ya nyumba yake zimepigwa mabango ya NYUMBA INAUZWA, kama shamba lililoota mahindi usiku kucha. Hakuna anayegonga mlango wala kutukana. Ni mabango tu, na ujumbe umefika. Kwa kuwa dalali wa maana mjini alikuwa mmoja, mabango yalikuwa ya Darlene, na aliyekwenda kuyachukua gereji kwake alikuwa Bud, kaka yake, muuza matairi ya matrekta, mwenye tumbo kubwa na akili ya kutosha matairi. Ufunguo alipewa na Darlene mwenyewe. Kocha aliyetangulia alipopigiwa mabango, Darlene alipita pale kwa gari, akamwona mke wa kocha anayang'oa akiwa na vazi la kulalia, na akacheka mpaka akasimamisha gari afute machozi. Darlene hakuwa na mazoea na mke yule. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Ndipo walipokuja kina Pettibone. Kocha Rudy alikuwa jitu pole, mwenye sauti ya kuombea chakula. Mkewe, Lorna, alikuwa mwembamba, mdomo wake kama wembe, na alikuwa amehama mji mara nyingi hadi ukimtajia jimbo anakwambia tu jiko lake lilitazama upande gani. Sahani zake za harusi zilikuwa hazijatoka kwenye maboksi tangu harusi. Siku Darlene alipowaonyesha nyumba, Lorna alisimama nyuma uani, akachimba udongo kwa ncha ya kiatu.

"Hapa panaota nini?"

"Kila kitu, bibie. Panda asparaga."

Lorna akamtazama. Asparaga ni mboga ya watu wasio na haraka. Unafukia mizizi, mwaka wa kwanza hugusi, wa pili hugusi, wa tatu ndiyo unachukua kisu.

"Mimi ni mke wa kocha," alisema Lorna. "Napanda vitu vya kwenye chungu, vya kubebeka."

"Panda nakwambia. Watu wa hapa wana subira."

Ulikuwa uongo wa biashara, wa kawaida kabisa, na Darlene aliutoa bila kupepesa. Lorna alinunua nyumba, akapanda asparaga, na mwezi ule ule akafungua maboksi ya sahani.

Kilichofuata Darlene hakukitarajia, nacho ni kumpenda mteja. Alikuwa mjane, mumewe Leonard alifariki akisubiri nusu ya pili ya mchezo ianze, na tangu hapo jioni za Darlene zilikuwa ndefu na za televisheni. Sasa Jumatano zikawa za karata kwa Lorna. Lorna alikuwa mwizi wa karata asiye na haya, anaficha karata ya malkia chini ya sahani ya harusi mbele ya macho yako, na ukimkamata anakuuliza mbona umechelewa kuona. Katika umri wao, kupata rafiki mpya ni kama kuota jino. Darlene alijua hivyo, na kila alipopita njia ya nyuma alichungulia ile mboga.

Msimu wa kwanza Nungunungu hawakuwa wazuri wala wabaya. Wa pili ulikuwa msiba. Walishinda mchezo mmoja, dhidi ya chuo kinachofundisha wachungaji, na hata huo walisaidiwa na matope. Mrushaji wao alirusha mpira kwa wapinzani kwa uaminifu hadi wapinzani wakawa wanamshukuru kwa jina. Ilipofika Oktoba, bendi ya chuo ilikuwa inapiga vizuri kuliko zamani, kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa na kazi uwanjani.

Darlene alijiwekea sheria. Siku sita alikuwa rafiki wa Lorna. Jumamosi alikuwa wa Nungunungu, kama baba yake na babu yake. Kiti chake kilikuwa kile kile cha marehemu baba. Lorna aliketi safu za chini pamoja na wake wa makocha wasaidizi, wote wamenyooka kama watu waliopo kanisani kwa lazima. Hawakutazamana. Mpango ulikwenda vizuri mpaka mchezo wa mwisho, dhidi ya Marlow, mahasimu wa jadi, ambao watoto wa Stanek hufundishwa kuwachukia kabla ya kufundishwa kusoma.

Marlow walikuwa wameshafikisha hamsini na mbili. Nungunungu walikuwa na tatu. Kocha Rudy, kwa sababu anazozijua yeye na Mungu wake, aliamuru mpira upigwe mbali kwa mguu, yaani wapewe Marlow kwa hiari, kana kwamba hawakuwa wameupata wa kutosha. Uwanja mzima ulisimama. Darlene naye alisimama, na kutoka sehemu fulani ya ndani, pengine ya babu yake, ikatoka sauti: "Mfukuzeni! Mfukuzeni huyo!"

Mpiga picha wa uwanja alikuwa akitafuta sura ya kuweka kwenye kioo kikubwa cha televisheni cha uwanjani, akaona ile ambayo mji mzima unaijua. Hivyo Darlene Hruska alitokea juu ya uwanja, urefu wa ghorofa mbili, mdomo wazi, ngumi hewani. Watu walishangilia kuliko walivyoshangilia msimu mzima. Lorna aliinua macho, akatazama kioo, akatazama tena miguu yake.

Darlene aliketi. Alitamani ardhi ipasuke immeze na baridi yake yote.

Kesho yake asubuhi Bud alipiga simu huku anacheka. "Dada, pita kwa kocha uone kazi! Ardhi ilikuwa imeganda, ikabidi tutoboe matundu ya miguu miwili ya kila bango kwa mtaimbo."

"Umechukua mangapi?"

"Yote."

"Bud, wewe ni ng'ombe."

"Ufunguo si ulinipa wewe? Na jana si wewe uliyetoa amri mbele ya watu wote?"

Darlene alikata simu. Aliendesha gari mpaka pale, na kweli, nyasi hazikuonekana. Sura yake ilikuwa kila mahali, inacheka kwa mji, inacheka kwa dirisha la jikoni. Alianza kuyang'oa, anavuta, anateleza, anatukana kwa sauti ya chini. Watu wanaotoka kanisani walipunguza mwendo wa magari. Mmoja alipunga mkono. Ndipo Darlene alipomkumbuka yule mwanamke mwingine mwenye vazi la kulalia, na kicheko chake ndani ya gari, na akaona haya usoni kabisa, haya ya kuwasha.

Mlango ulifunguliwa. Lorna alitoka na kikombe cha kahawa, buti za mumewe miguuni.

"Anza na yale ya upande wa bafuni," alisema. "Nimeoga huku unanichekea."

"Lorna, si mimi niliyeyaleta."

"Najua. Wewe hujui kunyoosha mstari. Lakini yule wa kwenye kioo alikuwa wewe?"

Darlene alishika bango kama mtu aliyeshika ngao. "Alikuwa mimi."

"Afadhali umesema. Ungesema siyo, ningekumwagia hii kahawa." Akanywa. "Ule mpira hata mimi nisingeupiga. Lakini mimi ni mke wake, nina ruhusa. Wewe unakula mezani kwangu, Darlene. Kwenye sahani zile."

Akaingia ndani, akafunga mlango taratibu, na utaratibu ule ndio uliomuumiza Darlene.

Saa sita mchana mkurugenzi wa michezo alitangaza kwamba chuo na Kocha Pettibone wameachana kwa amani na kuheshimiana. Maana yake Rudy alifukuzwa kwa simu, akiwa amesimama sebuleni na soksi.

Jumatano Darlene alipeleka sufuria ya chili, mchuzi mzito wa nyama na maharage, pamoja na mikate ya mdalasini, chakula wanachopeleka watu wa huko penye kifo. Aliganda mlangoni, hajui kama ataitwa ndani. Lorna alipokea sufuria, akaonja kwa kidole.

"Rudy amepata kazi Texas, ya usaidizi. Uza nyumba."

"Mimi?"

"Dalali mwingine yuko wapi? Yule kijana anayevaa kofia ndani ya nyumba?" Akaonja tena. "Nimekukasirikia. Nitakukasirikia mpaka Pasaka, nimeshapanga. Kaa, nikuibie karata."

Walicheza. Maboksi yalikuwa yamesharudi ukutani, na sahani zilikuwa zinafungwa kwa magazeti yenye picha ya Rudy. Katikati ya mchezo Lorna aligeukia dirisha la nyuma, kule ambako asparaga zilikuwa zimekauka, vijiti vya manjano vimelala.

"Mwaka huu unaokuja ndio zingekuwa tayari," alisema, na mdomo ule wa wembe ukatetemeka. "Kwa nini uliniambia nipande?"

Darlene alilia kwanza. Lorna akafuata, na alipokuwa analia akabadilisha karata mbili, na Darlene akamwacha.

Nyumba ilinunuliwa majira ya kuchipua, na mnunuzi alikuwa kocha mpya, kijana kutoka Georgia mwenye meno mengi, ambaye kwenye mkutano na waandishi wa habari alitamka neno "familia" mpaka watu wakahisi wamerithiwa. Bud alishamwamini. Bud alikuwa na fulana mpya.

Mke wa kocha, Kendra, alikuja peke yake kukabidhiwa ufunguo. Theluji ilikuwa imeondoka. Alisimama mbele, akainamia nyasi.

"Samahani, mama. Mbona kuna matundu namna hii? Na yako mawili mawili."

Darlene aliyatazama matundu. Ulimi wake ulikuwa umeshaandaa neno "fuko", yule mnyama mchimba ardhi, na lilikuwa neno zuri, lingemaliza mambo. Alilimeza. "Twende nyuma nikuonyeshe ua," alisema.

Huko nyuma asparaga zilikuwa zimechomoza, nene, za kijani, vichwa juu. Kendra alipiga makofi.

"Jamani! Hizi zinaliwa?"

"Hizo zina mwenyewe," alisema Darlene. Akatoa kisu kwenye mkoba, akapiga goti akiwa na sketi yake ya kazi, akaanza kukata na kulaza fungu fungu kwenye gazeti lenye maji. Pasaka ilikuwa imepita juzi, hasira ya Lorna ilikuwa imeisha muda wake, na posta ya kupeleka kifurushi Texas ilikuwa wazi. "Nitakuja kuzikata kila mwaka. Utanizoea."

Kendra alimtazama, asijue kama hii ni desturi ya mji au ni kichaa. Alikuwa binti bado, na kwenye gari lake maboksi yalikuwa yamebanana hadi dirishani.

"Basi na mimi nipande nini? Nataka kitu cha kukaa. Mume wangu anasema hapa watu wana subira."

Darlene alifuta kisu kwenye sketi, akainuka kwa shida, akamshika yule binti mkono.

"Panda figili, mwanangu," alisema. "Mwezi mmoja tu, unakula."