Fungu Lililoshonwa kwa Uzi Mwekundu

Mwanahamisi wa Kwai, ukimkuta sokoni Lushoto nyuma ya kabichi zake, na lile sweta lake la kijani, usimsalimie kabla hujaangalia mikono. Akiwa ameshika kisu, salimia. Akiwa ameshika karatasi, subiri afike mwisho wa ukurasa, la sivyo utafungiwa karoti zilizolala na utajua mwenyewe na supu yako.

Shule aliishia darasa la saba. Huu ugonjwa wa riwaya aliupatia Mombo, enzi zile anateremsha kabichi kusubiri malori ya Dar. Lori likachelewa, akanunua kitabu kwa mmachinga ili asisinzie akaibiwa mzigo. Lori lilipofika, dereva alipiga honi mpaka mbwa wakaitika, na mama bado yuko ukurasa wa katikati, analia. Mumewe, Sharifu, husema wenzake wana wake wawili nyumba mbili. Yeye ana mke mmoja, na huyo mmoja anaishi kwenye nyumba za watu asiowajua.

Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa yeye na rafiki yake Hadija, fundi cherehani, walipoanzisha kikao cha riwaya. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya swala ya alasiri, kwenye kibanda cha Hadija nyuma ya soko. Wako watano. Mwenyekiti ni Mzee Abrahamu, mstaafu wa posta, aliyepewa cheo kwa sababu ana miwani. Yuko Witness, dada wa duka la dawa, ana ulimi kama wembe mpya. Na yuko Kassimu, kijana anayekusanya maziwa Kwai kwa pikipiki, aliyeingia mwaka jana akisema amejikinga mvua tu. Mvua ikaisha, yeye akabaki anabishana.

Utaratibu wao huwezi kuukuta kwingine. Kitabu kinakuja kimoja kwa basi. Hadija anakichana mgongo kwa mkasi wa kukatia kanzu, anakigawa mafungu, kila fungu analipiga mshono wake, kisha yanazunguka mkono kwa mkono. Fungu likitoka kwa Mwanahamisi linanuka giligilani. Likitoka kwa Kassimu lina alama ya kikombe cha maziwa. Fungu la mwisho ndilo halisomwi na mtu. Kuna mwaka Mzee Abrahamu alilisoma peke yake, halafu akapita mtaani anamwambia kila mtu nani amekufa. Nusura wamfukuze uenyekiti. Tangu siku hiyo Hadija analipitishia cherehani pande zote nne kwa uzi mwekundu. Siku ya kikao kila mmoja anasema anataka mambo yaishe vipi, na kwa nini, ndipo uzi unakatwa na Witness anasoma kwa sauti.

Sasa, kitabu cha safari hii kilikuwa kinene, wakakigawia vikao viwili. Kuna bwana mmoja humo, Zuberi, na mkewe Sauda anayekaanga chipsi stendi. Usiku mmoja Sauda anachelewa, anarudi mvua inanyesha, anakuta mlango umekomewa. Anagonga, anaita. Zuberi yuko ndani, macho kodo. Sauda analala barazani. Asubuhi bwana anafungua na kuuliza chai iko wapi.

Kwenye kikao cha kwanza watu walimchana Zuberi vipande. Kassimu peke yake akamtetea. "Sauda alijua saa," alisema, uso mkavu. "Mlango una mwenyewe. Mtu akikomea mlango wake ana sababu."

"Mgosi wewe, mwanamume mzima, kichwani umejaza mtindi," Mwanahamisi alimwambia, watu wakacheka, chai ikanywewa, wakatawanyika. Maneno ya kitabu yanabaki kwenye kitabu.

Ijumaa iliyofuata wakaja washenga nyumbani kwake Kwai. Wanamtaka Hidaya, binti yake wa mwisho. Kwa niaba ya nani? Ya Kassimu wa maziwa.

Sharifu alifurahi mpaka akasahau kuficha. "Anaswali, ana kazi, hanywi. Unataka nini tena, malaika?" Hidaya naye, ukimwangalia jinsi alivyokuwa anaosha sufuria ambayo ilishaoshwa, jibu lake ulikuwa unalijua. Mwanahamisi akaomba muda. Jibu likapangwa Jumapili, kesho yake ya kikao.

"Mama, unasita nini?" Hidaya alimuuliza jikoni. "Wewe ndiye unayemjua. Mmekaa naye mwaka mzima mnasoma. Mimi nimemwona getini tu na ndoo ya maziwa."

Hapo ndipo mama wa watu alipoanza kukosa usingizi. Maana kweli alimjua. Mama gani mwingine Usambara nzima aliwahi kujua mkwe anafikiri nini juu ya mwanamke aliyefungiwa nje na mvua? Wenzake wanaulizia ukoo na shamba, basi, wanalala. Yeye kila akifumba macho anamwona Hidaya barazani, ameloa, anagonga, na ndani kuna sauti inasema, mlango una mwenyewe.

Na kulikuwa na jambo lingine lililombana zaidi. Kwao, mama mkwe na mkwe wa kiume hawakai chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia migombani. Salamu inapitia kwa mtu wa tatu. Sharifu aliishi kijiji kimoja na mama mkwe wake mpaka bibi akafariki, na alikuwa anamtambua kwa kikohozi. Kwa hiyo posa ikikubaliwa, ndiyo basi. Hatamuuliza Kassimu swali lolote uso kwa uso mpaka aingie kaburini. Jumamosi hii ndiyo ya mwisho. Na akiikataa posa bila kumuuliza, Hidaya ataosha sufuria ile maisha yake yote.

Siku ya kikao ukungu ulishuka mpaka kwenye mabati. Hadija alimdaka mlangoni.

"We Mwanahamisi, leo si ungekaa nyumbani? Watu watasema umekaa na mkweo mnasomeana mapenzi."

"Hajawa mkwe wangu."

"Kesho je?"

"Kesho ni kesho. Niletee stuli, niko hapa."

Kassimu alikuwa ameshafika. Kwa kawaida huingia na kelele za pikipiki na utani. Leo alikuwa amejikunyata kwenye stuli ya mlangoni, helmeti magotini kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. "Shikamoo, mama," alisema, macho kwenye sakafu.

"Marahaba." Mwezi uliopita alikuwa akimwita Mama Karoti.

Mzee Abrahamu, ambaye habari za mjini humfikia zikiwa zimeshapoa, akasafisha miwani na kukohoa kiuenyekiti. "Ndugu wanachama. Tulipoachia, Sauda amekwenda kwa kaka yake na mtoto. Miezi imepita. Zuberi anamfuata. Usiku, mvua, anagonga mlango. Sauda yuko ndani. Hadija, weka fungu mezani." Hadija akaliweka, uzi mwekundu umezunguka kama mpaka wa shamba. "Afungue, asifungue? Mimi nasema afungue. Binadamu tunasameheana, hata maandiko yanasema."

"Asubiri mpaka asubuhi," Witness akadakia. "Halafu amuulize, chai umeleta?"

Hadija akasema afungue dirisha kwanza, wazungumze, mlango baadaye. Wakamgeukia Mwanahamisi, kwa sababu huwa ndiye anayewasha moto. Mwanahamisi akatikisa kichwa.

"Mimi nitasema mwisho. Nataka kumsikia Kassimu."

"Mimi leo nitasikiliza tu," Kassimu akasema.

"Hakuna wa kusikiliza tu. Ndiyo sheria. Mwenyekiti, ndiyo sheria au siyo?"

"Ndiyo sheria," akasema Mzee Abrahamu, akifurahi kuulizwa.

"Mwezi uliopita ulituambia mlango una mwenyewe," Mwanahamisi akaendelea. Sauti aliishusha, na wanaomjua wanajua akishusha sauti kuna mtu atatoka jasho. "Aliyekomea ana sababu. Haya. Leo mwenye mlango ni Sauda. Afungue?"

Hadija alikuwa anazungusha gurudumu la cherehani kwa kidole, akaliacha. Kassimu akaigeuza helmeti, akaigeuza tena.

"Asifungue," akasema.

"Ehee!" Witness akaruka. "Umehama chama?"

"Sijahama. Nyie wote mmemsahau mtoto."

"Mtoto gani?"

"Wa kwao. Usiku ule wa kwanza Sauda alikuwa nje, Zuberi ndani. Mtoto alikuwa wapi? Alikuwa ndani na baba yake. Imeandikwa, fungu la pili, amejifunika blanketi, basi, halafu hatajwi tena. Sasa hivi tena baba anagonga, na mtoto yuko ndani, anasikiliza. Akifunguliwa huyu bila neno, mtoto atajua kwamba ule usiku haukuwa kitu."

Mzee Abrahamu akafungua fungu la pili, akatafuta kwa kidole. "Ni kweli," akasema polepole. "Blanketi lipo."

Mwanahamisi hakuangalia karatasi. Alikuwa anaangalia mikono ya yule kijana. "Sasa mbona ulimtetea Zuberi?"

Nje kuna mtu alikuwa anaswaga mbuzi, wakapita, wakaisha.

"Kwa sababu mimi nilikuwa ndani," Kassimu akasema. "Kwetu. Mama alichelewa kutoka gulioni. Baba akakomea. Komeo letu lilikuwa chini, nilikuwa nalifikia. Mama aliniita kwa jina, hakumwita baba. Aliniita mimi. Baba akaniangalia tu, hakusema kitu. Sikufungua." Akaipangusa helmeti kwa kiganja. "Kama baba alikosa, na mimi nilikosa. Ndiyo maana huwa nasema alikuwa na sababu. Nimesema hivyo siku zote. Mwezi uliopita ndiyo nimejisikia nikisema."

Hadija alijifanya anatafuta sindano. Lakini Mwanahamisi alikuwa hajamaliza. Huruma aliisikia, ndiyo. Ila huruma ya mtoto aliyekuwa chini ya blanketi ni kitu kimoja, na binti yake barazani ni kitu kingine. Watoto wengi waliotazama hukua wakafanya vilevile. Riwaya zimejaa hao.

"Na wewe ukiwa na mke," akasema, "akachelewa, mvua inanyesha, na umekasirika?"

"Mama Hidaya," Mzee Abrahamu akaingilia, "tusitoke nje ya mada. Tuko kwenye kitabu."

"Mzee wangu," Witness akamwambia kwa upole, "wewe peke yako ndiye uko kwenye kitabu."

Kassimu aliinua macho kwa mara ya kwanza tangu aingie. Mwanahamisi aliona wazi kwamba kijana anatafuta jibu zuri. Akaomba kimoyomoyo asilipate. Jibu zuri lingemponza.

"Naweza kuapa hapa," Kassimu akasema. "Nadhani hata baba angeulizwa kabla hajaoa angeapa. Hasira yangu sijaiona ikiwa ndani ya nyumba yangu, siijui. Ninachojua ni kimoja. Nikipata mtoto, kabla hajajua kuhesabu nitamwonyesha komeo liko wapi. Na nitamwambia, mama yako akiita, fungua. Hata mimi nikikuangalia. Hasa nikikuangalia."

Mzee Abrahamu akaanza kukohoa, Witness akamkanyaga mguu. Mwanahamisi aliyapima yale maneno kama anavyopima kabichi, kwa kuigongagonga kusikia kama ndani kuna kitu au majani tu. Alimfikiria Sharifu, ambaye aliapa mengi siku ya posa yake na kuyatimiza nusu. Mume mzuri hata hivyo. Huyu hakuapa. Huyu alikuwa ameonyesha mahali pabovu kwa kidole chake mwenyewe.

Akasimama. Hadija akadhani anaondoka, akamshika mkono. Mwanahamisi akautoa taratibu, akafungua kanga ya kiunoni, akajifunika kichwa mpaka usoni, akampita Kassimu akiwa amegeuzia uso ukutani. Hakutoka nje. Alikwenda kwenye kile kipembe ambako wateja wa Hadija hujaribia nguo, akaingia, akavuta pazia. Stuli ikasikika ikiburutwa humo ndani.

Kassimu aliielewa kabla ya wengine. Helmeti ilimtoka ikabingirika mpaka chini ya cherehani, naye akageuka haraka kutazama upande wa mlango, mgongo kwa pazia, kama inavyompasa mtu mbele ya mama mkwe wake. Hadija akafungua kinywa apige kigelegele, akakumbuka jibu rasmi lina siku yake na wenyewe, akajiziba kwa kipande cha kitambaa.

"Kuna nini?" akauliza Mzee Abrahamu. "Mama Hidaya anaumwa?"

"Haumwi," Witness akasema, anapangusa macho. "Ameoza binti."

"Kwenye kikao?"

"Hadija!" sauti ikatoka nyuma ya pazia, ile ile ya sokoni. "Mwambie huyo mtu aliyekaa mlangoni kwamba kwangu Kwai hapakomewi. Hidaya akirudi saa yoyote, kwa miguu, na mtoto au bila mtoto, ataingia. Mwambie alijue hilo kabla ya kesho."

Hadija akageuka. "Kassimu, umesikia?"

"Mwambie nimesikia."

"Amesikia."

"Haya. Sasa kata uzi, Hadija, tunachelewa. Witness, usome kwa sauti, huku ndani nguo zimenizunguka sisikii vizuri. Mimi nasema Sauda asifungue mpaka Zuberi amwite mtoto kwa jina kwanza. Mwenyekiti, andika hiyo." Pazia likatikisika. "Na mwambieni huyo mkwe wa watu arudishe mlango, ukungu unaingia. Arudishe tu. Asikomee."

Kassimu akanyanyuka, akausukuma mlango mpaka ukagusa fremu, komeo akaliacha likining'inia. Hadija akapitisha mkasi kwenye uzi mwekundu, upande kwa upande, na Witness akaanza kusoma.