Mkwe Mtiifu na Maji ya Chumvi

Binti yangu alipochumbiwa, niliwaambia jirani zangu wa Chole kwamba kazi ya mkwe wangu ni kutazama maji. Walicheka, kwa sababu kwetu anayetazama maji ni mganga, tena huyatazama bakulini. Nikawaeleza kuwa huyu ni mhadhiri wa chuo kikuu, anachunguza maji yaliyo chini ya ardhi, yametoka wapi na yamebeba nini. Wakasema basi ni mganga mwenye mshahara.

Kijana ni mtu wa Kagera, na alikuwa hajawahi kuishi na Wazaramo. Siku aliyokuja kujitambulisha alikaa kwenye ncha ya kiti, akaniuliza kwa adabu kubwa mila zetu zinamtaka mkwe aishi vipi na wazazi wa mkewe. Mimi niliishia kidato cha nne. Baada ya hapo nilikuwa karani ofisini Kibaha mpaka nilipostaafu na kurudi shambani. Katika miaka yote ile hakuna msomi aliyewahi kuniuliza swali kisha akanyamaza kusubiri jibu. Wasomi waliniuliza tu faili liko wapi.

Nikaanza na mila za kweli. Mkwe hamzoei mama mkwe, haingii ndani bila kukaribishwa, haketi kabla ya wakubwa. Zilipoisha nikaona bado ananitazama, anasubiri. Nikaongeza. Nikamwambia kwamba mkwe hali kichwa cha kuku nyumbani kwa wakwe zake. Hiyo niliibuni kwa sababu kichwa nakipenda mimi. Nikanogewa. Nikamwambia pia kuwa mkwe hampingi baba mkwe mbele za watu. Baba akishasema, mkwe kazi yake ni kuunga mkono.

Mke wangu alikuwa nyuma ya pazia. Nikamsikia akikohoa. Wageni walipoondoka akaniuliza ile ya mwisho nimeitoa wapi. Nikajibu kuwa ni ya ukoo wetu. Akasema ameishi na ukoo wetu tangu usichana wake na hajaona hata mmoja anayeunga mkono kitu.

Kijana alizishika zote. Walipooana na kuhamia Misugusugu nikaenda kuwatembelea, nikamkuta na wenzake wawili wa chuoni. Mazungumzo yakafika kwenye matetemeko ya ardhi, nami nikasema kuwa yanaletwa na barabara za lami, kwamba zimekuwa nyingi na nzito mno kwa ardhi yetu. Wenzake wakamgeukia. Aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayemeza kidonge bila maji, akasema, "Baba ana hoja." Nilirudi Chole nimenenepa.

Sasa nifike kwenye maji yenyewe. Kijijini kwetu tulikuwa na visima vifupi bondeni, na kiangazi kikikaza vilikauka. Wanawake walikuwa wakiamka kugombania tope. Mke wangu, ambaye tayari goti lilikuwa linamsumbua, alikuwa akishuka na kupanda kile kilima na ndoo kichwani. Kwa hiyo tuliposikia kwamba mradi wa maji unakuja, kila mtu alifurahi, na mimi zaidi, maana nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji. Nilitaka kisima kirefu cha mashine. Nilitaka tangi juu ya mnara, palepale kilimani karibu na ofisi, kila apitaye alione.

Mkwe alikuwa amefanya utafiti wake kwenye eneo letu kwa misimu kadhaa. Alizunguka na chupa na kifaa chenye waya mrefu alichokishusha visimani, akipima. Afisa maji akamwalika aje kwenye mkutano wa kata kueleza alichokiona. Siku ya mkutano alipitia kwanza nyumbani kwangu. Sheria niliyompa ilikataza kunipinga mbele za watu, haikukataza sebuleni, naye alikuwa mtu wa kusoma sheria kwa makini. Akaniambia taratibu kwamba pale kilimani maji yapo, lakini ni ya chumvi, na kadiri unavyochimba chumvi inazidi. Akanishauri tuombe lambo juu ya bonde la kukusanya maji ya mvua, tufukue visima vifupi vizuri, na tuweke matangi ya kuvuna mvua kwenye mapaa ya shule.

Nilimwelewa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba sikukosa kuelewa. Ila lambo kwangu lilikuwa kitu cha ng'ombe. Niliwaza wenyeviti wa vijiji vingine wakikata utepe mbele ya bomba linalong'aa, na mimi nikikata utepe mbele ya dimbwi. Nikamwambia nitalifikiria, tukatoka pamoja.

Mkutanoni nilifanya ujanja mmoja. Nikiwa mwenyekiti wa kamati, niliomba kusema wa kwanza. Nikasema kisima kirefu ndicho jibu, nikaongeza kuwa nimeshauriana na wataalamu, mmojawapo wa familia yangu mwenyewe. Kisha nikamkaribisha.

Alisimama. Ukutani projekta ilikuwa inaonyesha ramani yake, na kile kilima chetu kilikuwa chekundu kama pilipili. Akaitazama ramani, akanitazama mimi, akaizima projekta.

"Ndugu wajumbe, naungana na Baba," alisema. "Ningependa tu kuongeza kwamba wajumbe wasishangae maji hayo yakiwa na ladha."

Bibi mmoja aliyekaa mbele akataka kujua ladha gani.

"Ya madini, Bibi."

"Madini gani, mjukuu wangu?"

Alinitazama tena. Jasho lilikuwa limemtoka. "Yale yanayotiwa kwenye mboga," alisema.

Watu wakacheka sana, wakaona ni msomi mwenye utani. Mikono ikanyooshwa, kisima kikapita.

Kisima kilichimbwa na maji yakaruka juu kwa nguvu. Siku ya kukizindua nilipewa kikombe cha kwanza mbele ya wageni na wapiga picha. Kwenye picha naonekana nimefumba macho, watu wakidhani nashukuru. Nilikuwa namezea. Kuanzia siku ile sabuni ikakataa kutoa povu, maharage yakakataa kuiva, na chai ikawa inanyweka kwa ujasiri tu. Waliofurahi walikuwa mbuzi. Walitoka vijiji vya jirani wakaja kulamba chini ya bomba, na wenye mbuzi wakanishukuru kwa heshima zote. Niliwaambia watu kuwa maji yatapata utamu kadiri yanavyotumika.  Mke wangu alichukua ndoo yake, akashuka bondeni na goti lake.

Mambo yangeishia hapo kama aibu ya kijiji kimoja. Lakini ikaja habari kwamba Kibaha kutakuwa na kikao cha wadau wa maji, na katika mpango utakaojadiliwa, vijiji vya jirani zetu navyo vitachimbiwa visima virefu kama chetu, kwa maelezo kwamba chetu kilikubaliwa na wananchi na kuungwa mkono na mtafiti. Mtafiti mwenyewe ndiye aliyealikwa kuthibitisha. Binti yangu akanipigia simu.

"Baba, huyu mwenzangu hali vizuri wala halali," alisema. "Anajua watakwenda kuchimba chumvi kila mahali. Nikimwambia aseme, ananiambia na wewe umealikwa, utakuwepo."

Nikamuuliza anataka nifanye nini. Akasema hilo nijue mwenyewe.

Nilimweleza mke wangu kila kitu, pamoja na yale aliyokwisha kuyajua. Alisikiliza huku akijikanda goti kwa mafuta. Nilidhani atanilaumu, lakini yeye alikuwa ameshafika mbali zaidi yangu.

"Kama hawezi kukupinga, basi wewe kaseme yale anayotaka kuyasema yeye," alisema. "Atakuunga mkono, na kweli itakuwa imesemwa."

Niliona mke wangu angefaa kuwa waziri. Akanipigia pasi kanzu na koti, nikaenda Kibaha.

Ukumbi ulikuwa mzuri, wenye viyoyozi, na mbele ya kila mjumbe chupa ya maji. Tulikaa kujadili kiu na chupa zile mbele yetu. Mhandisi, mtu mpole mwenye miwani, alieleza mpango. Alipomaliza nilinyoosha mkono nikaomba kusema kama mtumiaji wa kisima. Nilisema maji yetu ni ya chumvi na kwamba mimi ndiye niliyeshabikia kisima kile. Hapo nilikuwa sawa. Ningekaa chini wakati ule ningekuwa shujaa.

Lakini watu walinyamaza wakinisikiliza, na mimi mtu akininyamazia najua mwenyewe kinachonipata. Nikaanza kufafanua kitaalamu. Nikasema chumvi ile inatoka baharini, inapita kwenye handaki la asili kutoka Dar es Salaam, chini ya milima ya Pugu, mpaka kwetu. Nikasema chumvi hukaa safu ya juu, kwa hiyo dawa yake ni kuchimba zaidi mpaka uipite. Na kama litajengwa lambo, nikashauri lijengwe kilimani, lionekane.

Nilikaa nikifuta uso, nimeridhika. Mwenyekiti wa kikao akamwita mtafiti.

Mkwe wangu alisimama. Sijapata kumwona mtu amepauka namna ile na bado yuko mzima. "Naungana na Baba," alisema.

Mhandisi akashika kalamu. "Kwa hiyo, Daktari, unashauri tuchimbe zaidi ili tuipite chumvi?"

 Alinigeukia mimi kwanza.

"Baba ana hoja," alisema, na mhandisi akaanza kuandika.

Ndipo nilipoona nilichokifanya. Mara ya kwanza niliharibu kijiji changu. Sasa nilikuwa naharibu vya watu, tena kwa kina kirefu zaidi. Nikasimama bila kuomba ruhusa.

"Mkwe," nikasema, "nimekosea. Nipinge."

"Hapana, Baba, hapana shida."

"Shida ipo. Nipinge mbele ya watu wote hawa. Ile mila haipo, niliibuni mwenyewe."

Mwenyekiti akauliza ni mila gani inayozungumziwa, maana haimo kwenye ajenda. Ikabidi nieleze, tangu siku ya kujitambulisha, na kila neno nililolitoa lilinitoka kama mwiba. Kicheko kilianzia nyuma kikaja mpaka meza kuu. Mzee mmoja wa Kisarawe, Mzaramo kama mimi, akasimama akisikitika.

"Mzee mwenzangu umetuzulia," alisema. "Sisi tunabishana mpaka msibani, na maiti bado yupo ndani."

Mkwe wangu hakucheka. Alikuwa ananitazama kama mtu anayepiga hesabu upya. "Yote, Baba?" aliuliza.

"Hiyo, na ya kichwa cha kuku."

Alivua koti, akalitundika kwenye kiti. Akawasha projekta. Akasema, kwa sauti ndogo bado, kwamba Baba amekosea katika jambo moja. Handaki halipo. Chumvi ile ni ya ardhi yenyewe, ya zamani kuliko sisi sote. Kisha akasema Baba amekosea katika jambo la pili, na sauti ikapanda. Ukichimba zaidi chumvi inaongezeka, na vipimo hivi hapa. Jambo la tatu, lambo halijengwi kilimani, kwa sababu maji hayapandi mlima kwa kupenda kuonekana. Hapo ukumbi ukampigia makofi, na nadhani yale makofi ndiyo yaliyomfungua kabisa. Alieleza kila bonde na kila kisima kifupi, akaeleza kosa lake mwenyewe la kunyamaza kwenye mkutano wa kata, akasema mtafiti anayeumauma maneno hana tofauti na asiyepima. Kisha akahamia kwenye matetemeko ya ardhi. Akasema hayaletwi na lami. Akasema na mikorosho yangu nimeipogoa vibaya, na banda la kuku nimeligeuzia upepo. Mwenyekiti ikabidi amkumbushe kwa upole kwamba kikao ni cha maji.

Mhandisi alifuta alichokiandika. Akasema hata yeye aliwahi kuomba maji yapimwe kwanza kabla ya kuchimba, akaambiwa wananchi wanataka mabomba. Alinitazama aliposema wananchi. Nikakubali kwa kichwa. Wakaazimia kwamba pasichimbwe tena kabla ya maji kupimwa na majibu kusomwa hadharani, na sisi tukaingizwa kwenye mpango wa lambo bondeni na matangi ya shuleni.

Lambo lipo sasa, na mvua za masika zimelijaza. Pembeni wamejenga chujio na bomba fupi la kuchotea. Halionekani kutoka barabarani. Lilichelewa, na sehemu kubwa ya ule ucheleweshaji ni yangu, kwa sababu goti la mke wangu halikusubiri. Hawezi tena kushuka bondeni, hata maji yakiwa matamu namna gani. Mkwe alimpeleka hospitali Kibaha, daktari akasema limelika, na uzito wa ndoo haukulisaidia. Nilikuwepo akisema hivyo. Mke wangu alinitazama mara moja tu.

Kwa hiyo ninayechota ni mimi. Nakwenda asubuhi na baiskeli na madumu mawili, na pale bombani nakuta ni wanawake tu. Siku ya kwanza nilijipeleka mbele, nikitarajia mzee apishwe kama kawaida. Mama mmoja ambaye mumewe alikuwa nami kwenye kamati alinishika usukani wa baiskeli.

"Shikamoo, mwenyekiti," alisema. "Wenye kiu ya kweli wako mbele. Wewe una kisima chako kule juu, kimejaa."

Wenzake wakacheka, nami nikageuza baiskeli nikaenda mwisho wa foleni.