Mkaratusi Mgumu wa Chome

Kazi yangu ni kukata miti inayotishia nyumba za watu, na naipenda. Juzi niliitwa kijijini Chome na bibi mmoja ambaye mkaratusi wake umeliinamia jiko. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeufunga mnyororo mpya kwenye msumeno wangu wa injini.

Nikapanda, nikaukandamiza msumeno kwenye tawi. Ukatoka moshi mtupu. Majirani wakajaa uani.

"Bibi, mti huu ni chuma!" nikatangaza kutoka juu. "Bahati yako umempata fundi mzoefu."

Nusu saa baadaye nikashuka, nimeloa jasho, tawi lina mchubuko tu. Bibi akauinamia msumeno, akautazama kwa utulivu.

"Mjukuu wangu," akauliza, "haya meno mbona yanatazama nyuma?"

Nilikuwa nimeufunga mnyororo kinyume. Uani kulilipuka kicheko, na mimi nikacheka kuliko wote.